Filamu mlizozitazama karibuni: je, ujumbe mwema unatosha kuifanya filamu kuwa nzuri?

Msomaji wa Tanga:

Salaam kwenu nyote. Ningependa tuzungumze kuhusu filamu tulizozitazama miezi ya karibuni, ila kwa namna iliyo tofauti kidogo na tuliyoizoea. Tukiulizwa filamu ilikuwaje, wengi wetu hujibu kwamba ilikuwa na mafunzo, au haikuwa na mafunzo, na mazungumzo yakaishia hapo. Jibu hilo linanisumbua. Hotuba ina mafunzo, na bango lililobandikwa ukutani mwa zahanati lina mafunzo, lakini hakuna anayeketi gizani saa mbili kulitazama bango.

Kilichonifanya niandike ni Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021 na baadaye ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar. Waliosoma sekondari nchini Tanzania wengi wao wanaijua riwaya ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Riwaya ni ndefu na ina safari nyingi, kwa kuwa inamfuata Yasmin Unguja, Mombasa na Tanga, na inamwoza zaidi ya mara moja. Filamu imeyaacha mengi ya hayo, ikakaa na Yasmin na mpenzi wake Denge, kijana mpigania uhuru, katika Unguja ya miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Uamuzi huo naukubali, kwa sababu filamu inayotaka kubeba kila sura ya kitabu huishia kuwa muhtasari wa kitabu. Vilevile naikubali picha yenyewe. Vichochoro vya Mji Mkongwe usiku, rangi za nguo, nyuso zinazoangaliwa kwa muda mrefu bila mtu kulazimishwa kusema neno, na taarab inayoingia mahali pake, hivyo vyote vilinifanya nihisi kwamba mwongozaji anamheshimu mtazamaji wake.

Lakini kila Denge alipofungua mdomo kuzungumzia ukombozi, nilihisi namsikia msemaji wa chama, wala si kijana aliyependa na anayeweza kukamatwa usiku ule ule. Nilijua anachokipigania. Sikujua anaogopa nini, wala ana uchovu gani, wala nini kinachomfanya acheke akiwa peke yake na rafiki zake. Yasmin nilimjua kwa namna anavyotembea na anavyonyamaza. Denge nilimjua kwa matamko yake.

Nilitazama pia Binti, ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, inayosimulia maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam. Humo nilipata hali hiyo hiyo kwa upande mwingine: kila mwanamke amepewa tatizo lake, na mimi nilitamani kila mmoja apewe pia siku moja ya kawaida, ambayo tatizo hilo halizungumzwi. Sehemu ya yule anayepigwa na mchumba wake ndiyo iliyonikaa moyoni zaidi, hasa pale ambapo kamera inamwacha ajiangalie bila kutueleza chochote.

Basi swali langu ni hili. Katika filamu mlizozitazama karibuni, ni ipi iliyowagusa, na je, iliwagusa kwa sababu jambo inalolisemea ni jema na la haki, au kwa sababu imetengenezwa vizuri? Tafadhali mtaje tukio mahususi ndani ya filamu, tusiishie kwenye sifa za jumla.

Bint Unguja, Muscat:

Assalaam alaykum. Kaka yangu wa Tanga, nakubaliana nawe kuhusu picha, sikubaliani nawe kuhusu Denge.

Wazee wangu waliondoka Unguja mwaka 1964, na nimekulia katika nyumba ambayo miaka ya kabla ya hapo bado inaitwa zama za siasa, kana kwamba siasa haikuwahi kuwapo kabla wala baada. Nilivyowasikia wakisimulia, tangu ule uchaguzi wa mwaka 1957 watu walizungumza hivyo hivyo kama Denge anavyozungumza. Barazani, sokoni, harusini, mtu alitoa tamko. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja wa chama cha Hizbu na mwingine wa chama cha Afro-Shirazi, walikuwa hawasalimiani. Jirani alichagua duka la kununulia sukari kwa kuangalia chama cha mwenye duka. Vijana wa wakati ule walijifunza lugha ya ukombozi katika magazeti na mikutano, wakaivaa kama nguo mpya, na hawakuivua hata walipokuwa na mchumba. Kwa hiyo unachokiona wewe kuwa ni udhaifu wa uandishi, mimi nilikiona kuwa ni ukweli wa kijana wa rika lile, na nilimhurumia Yasmin kwa sababu hiyo hiyo, kwamba amempenda mtu ambaye hata faraghani hawezi kuacha kuhutubia.

Lawama yangu mimi ni nyingine, nayo ni kwamba filamu ni nzuri kupita kiasi machoni. Ng'ambo ya miaka ile, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, ilikuwa na nyumba za udongo na makuti, na watu waliohesabu senti kabla ya kwenda dukani. Katika filamu umasikini una mwanga uliopangwa vizuri, kila ukuta umechakaa mahali panapopendeza. Nilipendezwa, nikakumbuka baadaye kwamba sikupaswa kupendezwa kiasi kile.

Tena kuna Raza, mzee aliyeozwa Yasmin. Kitabuni Yasmin ana miaka kumi na mitano na mumewe ana zaidi ya hamsini, na ndoa ile ni dhulma isiyo na utetezi. Hata hivyo Adam Shafi anatuonyesha biashara ya Raza ikizorota na mzee mwenyewe akihangaika, kwa hiyo msomaji anamchukia huku akimfahamu. Filamu haikumpa nafasi hiyo, na mimi naamini dhulma huogofya zaidi inapofanywa na mtu unayemfahamu.

Umetaka tukio mahususi: ni yale yote yanayofanyika nyumbani kwa Mwajuma, rafiki anayempokea Yasmin. Anaigiza Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab hasa, na inaonekana. Anapomkaribisha mtu hamwelezi kwamba anamkaribisha. Sauti yake, mwendo wake wa kukatiza chumba, na Kiswahili chake cha Unguja kisicho na haraka vilinirudisha katika sebule za shangazi zangu hapa Muscat, ambao hadi leo huzungumza hivyo. Ikiwa ni ujumbe, basi ujumbe wa filamu ile kuhusu utu wa wanawake umo kwa Mwajuma zaidi kuliko kwa mtu mwingine yeyote, naye hakuutaja hata mara moja.

Mwalimu wa Songea:

Nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa historia, na filamu niliyoitazama ni The Empty Grave, filamu ya makala ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Cece Mlay wa Tanzania pamoja na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, ambayo ilionyeshwa katika tamasha la Berlin mwezi Februari mwaka huo.

Kwa wasioijua habari yenyewe: Nduna, yaani kiongozi wa Wangoni, Songea Mbano, ambaye mji wetu umepewa jina lake, alinyongwa na Wajerumani mwezi Februari 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji, pamoja na wapiganaji wengine wengi wa Kingoni. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika hapa kuwakumbuka. Ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, kama ilivyofanyika kwa mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki yaliyohifadhiwa katika makusanyo ya huko kwa jina la sayansi. Filamu inamfuata kitukuu wake, ambaye ni mwanasheria, na mkewe, katika juhudi za kulitafuta fuvu hilo. Inaifuata pia familia nyingine ya Meru, ambayo mzee wao alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900.

Sasa nije kwenye swali lako. Jambo hili ni la haki kiasi kwamba mtu angeweza kulipiga picha vibaya na bado tukatoka tukilia. Kwa hiyo nilijilazimisha kuangalia namna lilivyotengenezwa, na nikaona kwamba nguvu ya filamu iko katika kungoja. Watu hawa wanangoja barua, wanangoja majibu ya ofisi, wanangoja wakuu waamue, na waongozaji hawakukifupisha kipindi hicho ili kutufurahisha. Katikati ya kungoja tunawaona wakiwa mume na mke nyumbani, wakijadiliana, wakichoka, mmoja akimtia mwenzake moyo. Darasani nimefundisha Maji Maji kwa tarehe na sababu na matokeo, kama mtaala unavyotaka: 1905 hadi 1907, kodi, kilimo cha pamba kwa lazima, Kinjekitile na maji yake. Filamu hii iliniletea jambo ambalo mtaala haunipi, kwamba vita vile bado vina wafiwa, nao wana shughuli zao za kila siku, watoto wa kusomesha na mazishi ambayo hayajakamilika.

Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa. Nilikuwa na shaka kama filamu yoyote inaweza kulishughulikia tukio la aina hiyo bila kugeuka kuwa taarifa ya habari, kwa kuwa kiongozi anapoingia kwenye picha kila mtu mwingine hupungua kimo. Baada ya kuitazama, naona waliokaa akilini mwangu ni wanandoa wale wawili, naye Rais nimebaki kumkumbuka kwa mbali. Hilo ni kazi ya uhariri, ya mtu aliyeamua ni uso gani tuutazame na kwa muda gani.

Kasoro ninayoiona ni katika sehemu za Berlin, ambako baadhi ya mazungumzo yanaelekezwa zaidi kwa mtazamaji wa Ulaya anayeelezwa mambo haya kwa mara ya kwanza. Mzee wa Kingoni aliyeketi mbele ya skrini hahitaji kuelezwa kwamba jambo hili ni zito.

Mama Kisauni:

Mimi nitamjibu ndugu wa Tanga kwa filamu mbili za Kenya, moja kwa kirefu na nyingine kwa kifupi.

Ya kwanza ni The Letter, filamu ya makala ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka mwaka 2019. Inahusu jambo ambalo sisi watu wa Pwani tunalijua na hatupendi kulizungumza mbele za wageni: wazee wanaotuhumiwa uchawi, wakafukuzwa na wengine wakauawa, hasa huku kaunti ya Kilifi, na mara nyingi chini ya tuhuma hizo kumelala shamba. Kijana anatoka Mombasa kurudi kijijini baada ya kupata habari kwamba bibi yake, mkongwe wa miaka tisini na kitu, ametuhumiwa, na anataka kujua ni nani katika ukoo aliyeanzisha maneno hayo.

Filamu ya mradi wa wafadhili ingetuletea mtaalamu wa haki za binadamu aketi mbele ya kamera atueleze takwimu. Hawa waongozaji walikaa na familia hiyo kwa miaka, na wakatuacha tusikilize. Wanaomtuhumu bibi hawakugeuzwa majitu. Wanaingia kanisani, wanaimba, wanaamini kwa dhati kwamba ukoo wao umerogwa, na wanayasema hayo mbele ya watu kwa sauti ya upole. Hapo ndipo nilipoogopa, maana sauti ile ya upole naijua kutoka vikao vya jamaa zangu mwenyewe. Bibi naye analima, anaomba dua zake, anacheka, na anajibu mashtaka kwa utulivu usiotaka kuhurumiwa. Kikao cha familia nzima, kila mmoja akijua anachokifikiria mwenzake na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitaja shamba, ni tukio ambalo nisingeweza kulipata katika filamu iliyoandikwa.

Ya pili ni Supa Modo, ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, kuhusu Jo, msichana mdogo aliye mgonjwa wa kufa ambaye anaamini ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinachoamua kumtimizia ndoto yake ya kutengeneza filamu. Nililia, na wajukuu wangu walilia. Wako watakaosema kwamba habari ya mtoto mgonjwa ni njia rahisi ya kupata machozi. Mimi nasema angalieni ugomvi wa mama yake na dada yake kuhusu mtoto aambiwe nini, kwa sababu wote wawili wana haki, na filamu haimwambii mtazamaji achague upande.

Kijana wa Sinza:

Naomba niwatetee watengenezaji wa filamu zetu za kibiashara, kwa kuwa naona mnazungumzia filamu za matamasha peke yake. Nimefanya kazi ndogo ndogo nyuma ya kamera, na napenda wasomaji waelewe ni kwa nini wahusika wetu husema sana.

Enzi za VCD, filamu moja iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, na habari iliyotosha dakika themanini ikalazimika kujaza saa mbili na nusu. Kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika upigaji picha ni watu wawili kwenye makochi wakizungumza. Barabara inahitaji kibali, usiku unahitaji taa, umati unahitaji chakula. Hivyo mhusika aliyepaswa kuonekana akiibiwa aliketi sebuleni akasimulia kwamba ameibiwa. Ongezeni mazoea ya kuwasikiliza watafsiri wa filamu kama marehemu Lufufu, waliotueleza kwa sauti kila kinachotokea kwenye skrini. Kizazi kizima kilijifunza kutazama kwa kusikia, na wengi wetu tuliupenda ufundi wao, tena kwa haki. Halafu wakaja wafadhili, nao kila mmoja alitaka ujumbe wake usikike waziwazi ili aweze kuuandika katika ripoti.

Hata hivyo fedha za ujumbe si lazima ziue sanaa. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza mwaka 2012, ilitoka katika mradi wa mawasiliano ya afya. Nimeirudia hivi karibuni, na yule Cheche mpiga picha bado ni mtu kamili, mwenye tamaa zake na aibu zake, na uzazi wa mpango na maambukizi ya virusi vinaingia katika maisha yake kama vinavyoingia katika maisha ya mtu yeyote, bila kupigiwa tarumbeta.

Msomaji wa Tanga:

Nawashukuru. Dada wa Muscat amenifanya nitake kumtazama Denge upya, ingawa bado nashikilia kwamba kijana anayehutubia faraghani angepaswa kuonekana na mtu mmoja ndani ya filamu akihutubia faraghani. Yasmin angeweza kumcheka, kwa mfano.

Lakini naona jambo. Mwalimu na Mama Kisauni, mlipotaka kutaja nguvu kubwa, mmeleta filamu za makala, na Mama amesema wazi kwamba kikao kile kisingepatikana katika filamu iliyoandikwa. Je, tuseme kwamba waigizaji wetu hawajapata bado maneno yanayolingana na maisha, ndiyo maana maisha yenyewe yakipigwa picha yanawashinda?

Mtoto wa Kisangani, Lubumbashi:

Ndugu zangu, mniwie radhi kwa Kiswahili changu cha Kongo. Nina filamu moja inayoligusa swali hili la mwisho moja kwa moja, nayo ni ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani kama mimi. Jina lake ni En route pour le milliard, na ni ya mwaka 2020.

Mwezi Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita. Haikupigwa Uganda wala Rwanda, bali mji wetu ndio uliopigwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikwisha kutamka mwaka 2005 kwamba Uganda inawajibika kwa uharibifu ilioufanya nchini Kongo, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Filamu imepigwa katika miaka ya katikati, wakati waathirika walikuwa hawajaona senti. Kundi la walemavu wa vita vile, waliokatika miguu na mikono, wanaamua kushuka mto Kongo kwa boti hadi Kinshasa ili wadai haki yao mbele ya bunge.

Safari ile ni mvua, turubai linalovuja, watu wamejazana na bidhaa, magongo yamelazwa pamoja na masufuria. Hamadi yumo ndani ya boti pamoja nao na analowa kama wao. Watu wanagombana, wanavutana juu ya nani aongee kwa niaba ya nani, wanataniana kuhusu miguu ya bandia isiyowafaa. Hakuna anayeombwa awe mwathirika mwema.

Sasa, kaka wa Tanga, sikiliza hili. Ndani ya filamu hiyo ya makala mna vipande vya maigizo. Watu wale wale wanapanda jukwaani, gizani, na kuigiza yaliyowapata: wanasema kwa mdomo wao, wanaimba, wanacheza kwa miili iliyobaki. Wanahutubia kabisa, kwa sauti ya juu kuliko ya Denge wako, na ujumbe wao unatamkwa neno kwa neno. Mimi sikuchoka hata dakika moja. Maneno yale waliyatunga wenyewe, na katika kipande kinachofuata tunamwona huyo aliyekuwa akihutubia akijikokota kwenye tope, akikataliwa kuingia lango la bunge. Hotuba imelipiwa kabla na baada.

Kwa hiyo sidhani kwamba tatizo ni maigizo dhidi ya makala, wala ujumbe dhidi ya sanaa. Nauliza aliyeandika maneno alikaa muda gani na wanaoyasema. Katika mji wangu watu waliitazama filamu hii wakijitafuta kwenye skrini, na wapo walioudhika kwamba mtaa wao haukutajwa; hasira hiyo naihesabu kuwa ni sifa. Lawama yangu ni moja tu. Kinshasa inafikiwa mapema mno kwa ladha yangu, na mara baada ya hapo tunakaa sana mbele ya milango iliyofungwa, ilhali mto ulikuwa bado na mengi ya kutuonyesha. Mwenye nafasi aitazame, kisha aniambie kama naye aliuona urefu huo, au ni mimi tu ninayeupenda mto kupita kiasi.